Aliyejibu Hadithi

Kambo Katongo, kwani kambo kwao ni bibi wa wajukuu, alifika mtaa wa Katuba siku ya Ijumaa saa sita mchana, ameketi mbele kwenye lori la unga lililotoka Lukafu, na kabla hata ya kumsalimia mtu aliutazama ukuta wa sebule. Pale palipozoea kuning'inia picha ya marehemu Michelle palibaki msumari, na chini ya msumari alama ya mraba ambayo rangi yake ilikuwa haijafifia kama ukuta mwingine.

"Foto ya mutoto yangu iko wapi?" aliuliza. Mzigo wa viazi vitamu ulikuwa bado kichwani.

Claudine aliondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa akishona sare za kwaya, na uzi ulikatika palepale. Huyu Claudine ni mke wa pili wa Désiré, na hakuingia kwa kumfukuza mtu. Michelle alikufa miaka kumi iliyopita akimwacha binti wa miaka mitatu, Syntiche. Claudine aliolewa miaka miwili baadaye na akamlea mtoto yule hadi leo, maana wa tumbo lake hakujaliwa.

"Karibu, mama. Iko ku fundi. Kioo ilipasuka."

"Ilipasuka yenyewe?"

"Upepo, mama."

Kambo alitua mzigo, akakaa, akapokea maji na kuyanywa yote kabla ya kusema tena. Mchwa wameila nakala yake ya picha ile kule Lukafu, alisema, wameila na fremu yake. Jumapili ni misa ya kutimiza miaka kumi, na jamaa watakaa hapa nyumbani kula. Amekuja kuomba picha hii iwekwe mezani, kisha apelekwe mjini kutengenezewa nakala. "Njo kazi iliyonileta. Hakuna ingine."

Claudine alisema ndiyo mama, hakuna tabu. Aliurudia mshono wake na akashona mkono wa sare ya kwaya kwenye shingo, akalazimika kuufumua.

Maana picha haikuwa kwa fundi, ingawa hata mumewe na Syntiche aliwaambia hivyo. Wiki tatu zilizopita Claudine aliitoa ukutani, akaiweka kwenye mbabula juu ya makaa yaliyokuwa yakingoja sufuria, na akasimama hapo hadi ikaisha.

Msomaji asimwone shetani. Kwa miaka minane alikula, akahesabu siku zake, akagombana na mumewe na kupatana naye, yote chini ya macho ya mwanamke yule. Michelle hakuzeeka. Michelle hakuwahi kuunguza mboga ya sombe wala kumkumbusha mtu fedha ya kodi. Wivu wa mke mwenzio aliye hai una dawa, mnaweza hata kutukanana mkapumua. Wa marehemu hauna. Jioni ya kuamkia siku ile Claudine alikuwa amemshonea Syntiche gauni kwa kitambaa alichokinunua kwa pesa yake mwenyewe, kazi ya usiku wa siku tatu, na mtoto alipolivaa Désiré aliinua macho kutoka kwenye sahani, akamtazama binti, akaitazama picha, akasema: "Wee! Mama yako kabisa. Yote, yote." Basi. Gauni hakuliona. Mkono uliolishona hakuuona. Kesho yake asubuhi, walipotoka wote wawili, Claudine akawasha mbabula.

*

Désiré ni mchomeleaji wa milango ya chuma, mtu mpole wa maneno machache, na uongo haumwingii akilini kwa sababu mwenyewe hauwezi. Aliporudi jioni na kusikia haja ya mama mkwe wake alisema hilo jambo dogo, kesho atapita kwa fundi mwenyewe.

"Fundi gani?" aliuliza. "Ile ya pale ku soko?"

"Hapana, mungine," alisema Claudine. "Lakini haiko. Alienda ku mupaka, Kasumbalesa, kutafuta bioo. Atarudia lundi."

"Lundi!" Désiré alikuna kichwa. "Na misa ni dimanche."

Kambo Katongo alikuwa akimenya kiazi. "Kama fundi alienda Kasumbalesa," alisema bila kuinua uso, "cadre ya foto nayo alienda nayo? Alibeba mutoto yangu ku douane?"

Désiré alicheka kidogo, akaona mama mkwe hacheki, akaacha. Kambo alimaliza kiazi, akakiweka kwenye beseni la maji, ndipo akasema lililokuwa moyoni.

"Papa Syntiche, siku ulituitaka hapa kutuonesha huyu bibi yako, tulisema nini?"

"Mama, ile maneno ni ya zamani."

"Tulisema nini?"

Désiré alijibu taratibu, kama mtoto anayesoma ubaoni. "Mulisema nikamate bibi mungine, haina mubaya. Lakini siku kintu ya Michelle itakosa fasi mu hii nyumba, na mutoto wake atarudia Lukafu."

"Aksanti. Nilikuwa naogopa ulisahau."

Claudine aliingia chumbani akajifanya anatafuta mkasi. Sasa aliliona wazi jambo lenyewe. Jumatatu itafika bila fundi na bila picha, na Syntiche ataondoka. Mtoto aliyembeba mgongoni kutoka Katuba hadi hospitali usiku wa malaria, aliyemfundisha kusuka, anayemwita maman mbele ya watu wote, atapandishwa lori. Na Désiré hatamfukuza Claudine, hapana, Désiré hafukuzi mtu. Atakuwa anakula kimya tu, mwaka baada ya mwaka, akiutazama ule msumari. Njia ya mwongo ni fupi, na Claudine aliuona mwisho wa yake kutoka pale alipokuwa amesimama.

*

Jioni ileile Syntiche alileta daftari lake uani. Prof Gérard, mwalimu wao, ametoa kazi ya mwisho kabla ya masomo kufungwa: kila mwanafunzi atafute hadithi kwa mkubwa wa nyumbani, aiandike, halafu aeleze mhusika wake ni mtu wa namna gani. "Lakini anakatala tuseme tu mubaya ao muzuri," mtoto alieleza. "Anasema mutu wa hadithi haonyeshwe na jina yake. Anaonyeshwa na mifano. Tukamate kila mufano, tuulize: inatuambia nini juu ya roho yake?"

"Prof yako iko na akili," alisema Kambo. "Hadithi niko nayo moja. Hii siyaambiaka mutu."

Wakakaa pembeni ya mbabula, bibi na mjukuu, na Claudine akabaki ndani anapiga pasi sare za kwaya. Alisikia sauti ya Kambo ikipanda na kushuka, maneno hakuyapata. Alichokipata ni kicheko. Syntiche alicheka mara mbili kwa kicheko cha tumboni, kichwa nyuma, ambacho Claudine hakumbuki kukisikia katika nyumba hii. Naye ndiye aliyenunua daftari! Ndiye anayeamka saa kumi na moja kumchemshia mtoto maji! Mtu anatoka Lukafu na viazi vyake, anakaa nusu saa, anapewa kicheko kile. Pasi ilikaa kwenye kola moja hadi ikaacha alama ya hudhurungi.

Jumamosi asubuhi mtoto alipotumwa kununua mkaa, Claudine alilifungua daftari. Hadithi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, ukurasa mzima:

*Kulikuwa na mwanamke aliyeolewa kwenye nyumba ambayo ua wake ulijaa nyayo za mwingine. Mguu wake haukupata pa kukanyaga. Akachukua ufagio. Alifagia kabla ya jogoo, alifagia mchana, alifagia hata palipokuwa safi. Ufagio wake ulikuwa na macho, yeye mwenyewe hakuwa nayo. Watu walisema: kwenye ua wa yule mama hata kuku anaomba ruhusa. Mume akirudi anamkuta na vumbi puani, yeye anasema sikuchoka. Siku moja mtoto aliyeachwa na yule wa kwanza alienda porini kutafuta uyoga. Njia ya kurudi aliyoijua ilikuwa nyayo za mama yake. Hakuzikuta. Akazunguka mpaka jua likaingia ndani ya chungu. Mwanamke akasimama mlangoni na ufagio mkononi, akaita. Sauti yake ilifika mwisho wa ua ikarudi, kwa sababu hata sauti inaomba njia.*

Claudine alisoma mara moja na damu ikampanda. Aliyachukua maneno moja moja, kama mwalimu alivyoagiza ingawa si kwa nia hiyo. Nyumba yenye nyayo za mwingine: ni hii. Ufagio: mimi. Kuku anaomba ruhusa: ananiita mchoyo, na viazi vyake nimevipika kwa mafuta yangu! Hakuwa na macho: ni kipofu, mjinga, sijasoma. Na zile nyayo zilizofagiwa? Ni picha. Kikongwe anajua. Ameona majivu, ameambiwa na jirani, anajua, na badala ya kusema uso kwa uso amemwandikisha mtoto ili amsome mama yake mbele ya darasa.

Kikohozi cha Kambo kilisikika mlangoni. Claudine alilifunga daftari haraka na ukurasa wa pili hakuufunua.

Kwa akina Claudine, watu waliotoka mkoa wa Kasai na biashara zao mikononi, mtu akikosewa anasimama anasema: wewe fulani, umenikosea hivi na hivi. Wanamalizana, wanakunywa. Kwa akina Katongo mambo si hivyo, na kwa miaka minane hakuna aliyefikiria kumwambia. Kwao hadithi inasikilizwa, inaachwa ipite. Haijibiwi. Anayeijibu ameivaa.

*

Baada ya misa walikuwa sita mezani, wakiwemo Pierre, kaka mkubwa wa Désiré, na mkewe Kiki. Kambo alikuwa ametandika kitambaa cheupe kwenye meza ndogo, akawasha mshumaa, na nyuma ya mshumaa akaacha nafasi. Haikuwa na kitu. Kila aliyeingia aliitazama nafasi ile, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Foto?" Pierre aliuliza.

"Iko Kasumbalesa," alisema Kambo.

"Inafanya nini Kasumbalesa?"

Kiki alikohoa kwenye kitenge chake, na Claudine alijua vizuri kile si kikohozi. Alikuwa amepika tangu alfajiri: ugali wa bukari, samaki, sombe, kuku wawili. Pierre alionja sombe akasema, bila ubaya wowote, maana ubaya mwingi wa mezani hausemwi kwa ubaya, "Michelle alikuwa anaongezaka karanga."

"Njo vile," alisema Désiré kwa upole, na akatabasamu kwa ukumbusho huo.

Claudine alikwenda jikoni kuleta bukari nyingine. Alisimama kidogo na ukingo wa beseni ukamkata vidole, hakusikia. Aliporudi mlangoni, Kambo alikuwa anamwambia Syntiche alete daftari. Anataka kusikia mtoto ameandika nini, na siku ya misa ni siku nzuri. Syntiche, ndani ya gauni lile la wiki tatu zilizopita, akasimama na kusoma.

Alisoma vizuri. Alipofika kwenye kuku anayeomba ruhusa Pierre alicheka kwa sauti, akapiga goti. Alipofika kwenye nyayo zisizokutwa hakuna aliyecheka. "Hata sauti inaomba njia," mtoto alimalizia, na akafunua ukurasa.

"Sema tu jina yangu!"

Wote waligeuka. Claudine alikuwa bado ameshika beseni la bukari na mvuke unampanda usoni.

"Claudine," alisema Kambo, akainua mkono. "Ikala chini, mutoto yangu. Hadithi haijibiwake."

"Sitaikala! Munanikula tangu vendredi. Mufagio, kuku, vumbi mu pua! Kama unajua, sema unajua. Juu ya nini unamutumikisha mutoto?"

"Nyamaza," alisema Kambo, na safari hii ilikuwa kama anaomba. "Nakulomba, nyamaza."

"Ndiyo, niliunguza! Niliiweka mu mbabula, mi mwenyewe, na mikono yangu hii. Haiko ku fundi. Haiko Kasumbalesa. Miaka munane ananiangalia nakula! Nashona robe, mutu anasema Michelle. Napika, Michelle. Nitakufwa hapa, mutasema Michelle alikufwaka muzuri zaidi!"

Beseni lilimtoka mkononi. Bukari ilianguka nzima sakafuni. Désiré aliiangalia ile bukari kwa muda mrefu, maana hakujua pengine pa kuangalia.

Kambo Katongo alikuwa amefunika macho kwa kiganja. "Sikujua kitu," alisema. "Nilizani uliiweka chini ya kitanda. Wivu ya foto, nilisema, itapita. Ile hadithi haikuwa yako, mama. Ile ni yangu."

Akawaambia, na hata Désiré aliyeishi na Michelle alikuwa hajui. Michelle hakuzaliwa na yeye. Alimkuta ana miaka sita, mama yake amekufa kwenye uzazi, na nyumba nzima ya Lukafu ilikuwa imejaa vitu vya marehemu: chungu chake, jembe lake, wimbo aliokuwa akiuimba akitwanga. Kambo alivunja chungu. Aliuza jembe. Aliukataza wimbo. Alivifanya vyote kimoja kimoja, bila kelele, na mtoto hakulia. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulichukua miaka kumi na mbili. "Aliniita mama siku moja tu," alisema, "siku ya kuzala huyu Syntiche, maumivu ilimushinda. Njo maana nataka ile foto. Nilifagiaka ya mama yake. Yake nilitaka kuichunga."

Pierre, ambaye kazi yake katika ukoo ni kusema linalopaswa kusemwa, alisafisha koo. "Hata vile, masharti ni masharti. Ameungama mbele ya bantu. Mutoto aende."

Désiré hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na Claudine alimtazama kwa muda akingoja walau moja.

"Nilikuwa sijamaliza kusoma," alisema Syntiche.

Daftari lilikuwa bado wazi mkononi mwake, kwenye ukurasa wa pili. Alisoma kama alivyoandika.

"*Jibu. Watu wa hadithi wanasema mwanamke huyu ni mkali, ndiyo maana kuku anaomba ruhusa. Lakini hayo ni maneno ya watu. Mifano ya hadithi inasema kitu kingine. Anafagia palipo safi: basi anaona kitu ambacho wengine hawakioni. Mguu wake haukupata pa kukanyaga: basi anaishi kwake kama mgeni. Ufagio una macho, yeye hana: mkono wake unatangulia, moyo unachelewa kuona. Ana vumbi puani na anasema hakuchoka: hakuna aliyemwambia pumzika. Na mwishoni anaita. Asiyempenda mtoto haiti. Mimi naona mwanamke huyu si mbaya. Anaogopa.*"

Alifunga daftari. Claudine alikuwa amekaa chini pembeni ya bukari yake, analia bila kujifuta.

"Niliandika vile vendredi," Syntiche alisema, akiwatazama wote kisha Claudine peke yake. "Leo sijuwe."

*

Wageni walikwenda mapema. Kambo alibaki uani na mkwe wake. Claudine alikuwa chumbani kwa mtoto anakunja nguo na kuziweka kwenye mfuko. Hakuambiwa afanye hivyo. Alikunja sketi za shule, akazikunjua, akazikunja upya. Aliona wivu hata kwa mfuko ule, kwa kuwa utakwenda na mtoto. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hawakusema kinavyouma kikianza kufunguka.

Syntiche aliingia akavuta kiti.

"Samedi, wakifunga masomo, nitaenda na Kambo," alisema.

"Najua."

"Nilimuambia papa. Alisema sawa."

"Utarudia mu septembre?"

"Sijuwe, maman."

Lile neno lilimpiga Claudine. Hakuthubutu kuinua kichwa, asije mtoto akatambua alilolitamka akalichukua tena. Alitafuta soksi ya pili.

"Sina sura yake mu kichwa," alisema Syntiche. "Nilikuwa naangalia ile cadre kila siku na sikuangalia muzuri. Nilizani itaikalaka pale. Sasa nikifunga macho, inakimbia. Nilimuuliza papa, mama alikuwa namna gani? Anasema alikuwa muzuri. Ile tu. Kambo macho yake imechoka, anasema alikuwa na shingo murefu. Hawajue." Akamgeukia Claudine. "Weye unajua. Weye ulimuangaliaka sana kushinda bote."

Claudine aliiacha soksi. Ilikuwa kweli, na aibu yake ilikuwa kwamba ni kweli kabisa. Hakuna mtu duniani aliyeusoma uso ule kama yeye, mchana na jioni, miaka minane, akitafuta kasoro.

"Nyusi yake ya kushoto ilikuwa juu kidogo," alianza. "Kama mutu anayetaka kuuliza. Macho, si makubwa. Yako ni makubwa kupita. Chini ya jicho ya kuume alikuwa na alama ndogo, nyeusi, hapa." Alijigusa shavuni. "Meno ya mbele iko na mwanya. Alifunga kinywa ili asionyeshe, lakini photographe alimuchekesha, basi inaonekana kidogo. Sikio moja haina hereni. Nafikiri ilianguka siku ile, na hakujua."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anataka kucheka."

"Mikono?"

"Moja tu inaonekana. Imeshika kitambaa nguvu, utazani bataimunyanganya. Alikuwa na haya. Mi nilikuwa nasema ni majivuno." Aliiokota ile soksi, akaikunja. "Haikuwa majivuno."

Nje Désiré alisogeza kiti kwenye saruji. Syntiche alikuwa amefumba macho na kidole chake kilikuwa kinatembea usoni mwake mwenyewe, kwenye nyusi, chini ya jicho, mdomoni.

"Alikuwa muzuri?" aliuliza.

Miaka minane Claudine alikuwa amelikataa neno hilo. Alilikataa mbele ya majirani na mbele ya mumewe, alilikataa peke yake akiwa amesimama juu ya mbabula, hata karatasi ilipojikunja na ule uso ukawa wa mwisho kuungua.

"Alikuwa muzuri, mutoto yangu," alisema. "Muzuri kunipita."

Syntiche alisogeza kiti karibu, magoti yao yakagusana.

"Rudilia ku macho," alisema. "Polepole, nisisahau."